Karatasi Ndani ya Kola

Kwa msomaji anayeanza leo, nitaeleza kwa ufupi jinsi nilivyojichimbia kaburi kwa kalamu yangu mwenyewe.

Mimi ni mhakiki wa televisheni katika gazeti la kila siku. Kazi yangu ni kutazama tamthilia na kuwaambia watu kama zinafaa. Mwezi uliopita nilialikwa kutazama mapema sehemu mbili za kwanza za "Karani wa Ghorofa ya Tatu", tamthilia ya majasusi wa miaka arobaini iliyopita, enzi za mashine za chapa na simu za kuzungusha namba kwa kidole. Nilisinzia dakika ya ishirini. Niliamshwa na makofi ya mwisho.

Nikarudi ofisini nikaandika maneno mia nane.

Niliandika kwamba tamthilia inachosha. Niliandika kwamba hakuna karani anayeweza kutoa siri ofisini kwa kushonewa karatasi kwenye pindo la koti. Tena niliandika, Mungu anisamehe, kwamba hakuna mwanamke anayeweza kulala kitanda kimoja na jasusi miaka kumi na tisa asijue kitu. Mwanamke wa namna hiyo, nilisema, yumo kichwani mwa mtunzi tu.

Watazamaji walinichana vipande. Tamthilia ilipendwa mpaka saluni zikawa zinafungwa mapema siku ya Alhamisi. Mhariri akanipa wiki moja niandike kitu cha kuwatuliza watu, la sivyo safu yangu apewe mwandishi wa michezo.

Mara ya mwisho niliwaacha sebuleni kwa wazazi wangu, Jumapili mchana, tukitazama marudio. Baba yangu ni fundi cherehani mstaafu. Katika maisha yangu yote sijawahi kumsikia akitoa maoni juu ya kitu chochote isipokuwa suruali. Siku hiyo alinyoosha kidole kwenye televisheni, akasema:

"Siyo kwenye pindo. Kwenye kola."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Nini, baba?"

"Karatasi. Hawa wanaiweka kwenye pindo. Pindo linalowa mvua. Halafu askari akikupapasa anaanza na mifuko, anashuka kwenye pindo. Kola hakuna anayeigusa. Kola yenyewe ni ngumu, ina kitambaa kigumu ndani. Ukitia karatasi haisikiki."

"Wewe umejuaje?"

"Nilikuwa fundi."

"Kwani mafundi wote wanajua hayo?"

Akafikiri. Baba ni mtu anayechukia uongo hata wa kusaidia mazungumzo.

"Hapana," akasema.

Nikasogeza kiti. "Ulikuwa unawashonea akina nani?"

"Watu wenye makoti."

"Baba."

"Mtu analeta koti. Anasema, fundi, kola imelegea. Mimi natazama, naona kola haijalegea. Namwambia aje kesho kutwa." Alikuwa bado anatazama televisheni. "Sikuuliza, nao hawakusema. Kazi ilikuwa hiyo."

"Mama anajua?"

Jikoni mama alikuwa anaosha sufuria. Ile sauti ya maji ikakatika. Baba akachukua rimoti akaongeza sauti ya televisheni.

"Hayo ni ya humu ndani," akasema.

"Sawa, baba."

Nilisema sawa. Nataka mlijue hilo kabla hamjaendelea kusoma.

Jumatatu asubuhi mhariri wetu aliniita. Tunamwita Mkasi kwa jinsi anavyozikatakata habari zetu. Mezani alikuwa na rundo la barua za wasomaji, na alikuwa amezipanga kwa ukubwa wa matusi.

"Huyu ni dereva mstaafu," alisema. "Anasema gari la mkuu wa usalama katika sehemu ya tatu lilitengenezwa miaka sita baadaye. Lakini anaisamehe tamthilia, wewe hakusamehe."

"Sawa."

"Huyu ni mama wa watoto wanne. Anasema mumewe alikuwa na nyumba nyingine kwa miaka kumi na mbili naye hakujua, na hakuwa hata jasusi, alikuwa anauza matairi. Anauliza kama na yeye yumo kichwani mwa mtunzi."

"Sawa."

"Huyu anauliza kama ulikuwa umelala."

Nikahesabu barua zilizobaki.

"Na yule mwenzako wa gazeti lile lingine," akaendelea, "ameiita lulu. Mara tatu katika ukurasa mmoja. Watu wanakata ukurasa wake wanabandika ukutani. Ukurasa wako wanafungia vitu."

"Unataka nini, bosi?"

"Uombe radhi. Lakini uombe radhi kwa namna ambayo watu watanunua gazeti."

Nilirudi mezani kwangu nikakaa mbele ya kompyuta mpaka saa sita. Niliandika "Nilikosea" nikafuta. Niliandika "Inawezekana nilikosea" nikafuta. Kila nilipofumba macho niliona kidole cha baba kikinyooshwa kwenye televisheni.

Nikajiambia simtaji jina. Nikajiambia wazee waliokuwa mafundi ni wengi. Nikajiambia mambo yenyewe ni ya miaka arobaini iliyopita, na waliokuwa wanayaogopa wengine wako makaburini na wengine hawakumbuki hata walikoweka miwani.

Mtu akianza kujiambia mambo matatu mfululizo, ajue ameshaamua.

Niliandika kwamba nimeiangalia tena tamthilia, nikiwa macho, na nimekiri ni nzuri. Kisha nikaandika kwamba hata hivyo wamekosea kitu kimoja. Fundi mmoja mzee, niliandika, aliyeifanya kazi hiyo kwa mikono yake, ameniambia karatasi haikuwa inawekwa kwenye pindo. Nikaeleza mvua, nikaeleza askari, nikaeleza kitambaa kigumu.

Mkasi alisoma mara mbili. Hakukata hata neno. Jambo hilo peke yake lingetosha kunitisha.

"Huyu fundi yupo kweli?"

"Yupo."

"Unamwamini?"

"Kuliko ninavyokuamini wewe."

"Basi twende nayo."

Jumanne nilivikwa kilemba cha ukoka na mji mzima. Watazamaji walewale walioniita mvivu waliniita mtafiti. Mama wa watoto wanne aliandika tena kusema amenisamehe, ila tu mumewe bado. Yule mwenzangu wa lulu aliulizwa redioni habari za kola, akapata kigugumizi, akasema alikuwa anakusudia kuligusia wiki ijayo.

Saa tisa alasiri mwongozaji wa tamthilia alinipigia simu.

"Kola," alisema. "Tumefanya utafiti miaka miwili. Tumewahoji wanajeshi wastaafu, tumewahoji maprofesa. Hakuna aliyetuambia kola."

"Pole."

"Tunataka huyo mzee wako aje tunapopiga picha. Awe mshauri wetu wa msimu wa pili."

"Hatoki nyumbani."

"Tutamfuata."

"Hapendi wageni."

"Anapenda nini?"

Nikafikiri. "Suruali," nikasema, nikakata simu.

Nililala vizuri siku hiyo. Ndiyo, nalikiri na hilo.

Jumatano saa nne asubuhi dada wa mapokezi alinipigia kutoka chini.

"Kuna mama hapa anakutaka."

"Anataka nini?"

"Hakusema. Amesema atasubiri. Amekaa vizuri."

Niliposhuka nilimkuta mwanamke wa miaka sabini na kitu, mwembamba, amenyoosha mgongo kwenye kile kiti chetu kibovu ambacho kila mtu hukikalia upande. Mapajani alikuwa na mfuko wa karatasi. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama kama anayenipa alama.

"Ndiye wewe uliyeandika habari za kola?"

"Ndiye mimi, mama."

"Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja. Kwa hiyo nitasema kwa mpangilio, na wewe usinikatize."

Nikakaa.

"Mume wangu alikuwa karani. Siyo ghorofa ya tatu kama yule wa kwenye televisheni, alikuwa chini kabisa, kwenye masjala. Miaka thelathini na tisa iliyopita alitoka nyumbani asubuhi akasahau miwani. Nikamkimbilia nayo. Nilipofika kwenye geti la ofisi, walikuwa wameshamsimamisha. Hawakumpapasa. Hawakugusa mifuko, hawakugusa pindo. Walimwambia avue koti, mmoja akatoa wembe, akaichana kola. Moja kwa moja. Kama mtu anayefungua barua yake mwenyewe."

Akanitazama kuona kama ninafuatilia.

"Jioni ya siku iliyotangulia ndipo alipolichukua koti kutoka kwa fundi. Hakuniambia fundi gani. Alisema nisipojua sitaulizwa. Basi nikapiga hesabu. Waliojua kuna kitu kwenye kola walikuwa wawili, mume wangu na fundi. Mume wangu hakujisema mwenyewe. Ukitoa mmoja kwenye wawili anabaki nani?"

Lilikuwa swali rahisi.

"Alirudi?" niliuliza.

"Lilirudi koti."

Watu walikuwa wanapita wakienda kulipia matangazo ya biashara. Mmoja alisimama karibu yetu akauliza choo kiko wapi. Mwalimu akamwelekeza, ingawa alikuwa hajawahi kufika pale. Kibao kilikuwa ukutani, alikuwa amekwisha kukisoma.

"Nataka jina la huyo fundi mzee," alisema.

"Mama, kazi yetu ina sheria. Mtu akituambia jambo kwa siri hatumtaji."

"Ni sheria nzuri. Huyo fundi naye angekuwa nayo."

Akafungua mfuko akatoa koti. Lilikuwa la kijivu, limetunzwa, linanukia vidonge vya kuzuia nondo. Upande wa kushoto wa kola ulikuwa umechanwa na bitana inaning'inia. Upande wa kulia ulikuwa mzima, jinsi ulivyoshonwa. Akaligeuza ili nione mshono wa chini.

Mishono mitatu midogo kwenda mbele, mmoja kurudi nyuma. Mitatu mbele, mmoja nyuma.

Nilivaa mshono huo miaka kumi na mbili. Ulikuwa kwenye kola za sare zangu zote za shule. Nikiwa na wasiwasi darasani nilikuwa naupapasa kwa kidole gumba mpaka mtihani uishe.

"Umeujua mshono," alisema Mwalimu.

"Mimi sijui mambo ya kushona."

"Nimesimamia mitihani miaka thelathini na moja. Wanaosema hawajui nawajua." Akalikunja koti akalirudisha mfukoni, akanikabidhi. "Mpelekee. Sitaki kumpeleka mahakamani, kwa umri wetu huu tutafia kwenye foleni. Nataka aseme tu kwa mdomo wake, nijue. Kesho saa nne nitakuja kuchukua koti na jibu."

Akainuka. Kile kiti kikaanguka nyuma yake. Hakugeuka.

Sikurudi juu. Nilichukua teksi nikaenda kwa wazazi wangu, mfuko nimeupakata kama mtoto mgonjwa. Njiani nilipanga uongo wa aina mbili. Wa kwanza, kumwambia Mwalimu kwamba fundi amefariki. Wa pili, kumwambia hakuna fundi, nilitunga. Uongo wa kwanza ulikuwa unamuua baba yangu na wa pili unaua kazi yangu. Nikaona aibu kwamba nilisita kuchagua.

Nilichokuwa nakiogopa siyo hicho lakini. Nilikuwa naogopa kumtazama baba usoni. Huyu ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli akiwa ameshika tandiko, akakimbia nami mpaka akaanguka yeye. Nilikuwa namjua, kumbe nilikuwa najua nusu, na ile nusu nyingine nilikuwa nimeichapisha gazetini bila kuisoma.

Mama alifungua mlango kabla sijabisha. Alikuwa ameshika gazeti la jana, limekunjwa kwenye safu yangu.

"Fundi mmoja mzee," alisema.

"Mama."

"Pita ndani."

"Baba amesoma?"

"Amesoma. Tangu jana hasemi."

"Baba huwa hasemi."

"Tangu jana hasemi kwa namna nyingine." Akafunga mlango. "Na ile ya kwanza niliisoma pia. Ya yule mwanamke anayelala na jasusi asijue."

"Mama, sikukukusudia wewe. Sikuwa najua."

"Najua hukukusudia. Wewe hukusudii, wewe unaandika tu."

Baba alikuwa kwenye kiti chake, televisheni imezimwa, anaitazama vilevile.

"Nilikuambia ni ya humu ndani," alisema.

"Uliniambia."

"Ukasema sawa."

"Nilisema sawa, baba."

"Basi."

Ningependa angenigombeza. Nilijikaza, nikatoa koti kwenye mfuko, nikaliweka mezani, nikawaeleza wote wawili. Nilisema tu mama mmoja, mwalimu mstaafu, mumewe alikuwa karani wa masjala. Nilieleza geti, miwani, wembe. Nilieleza ile hesabu ya kutoa mmoja kwenye wawili. Nilipofika kwenye "lilirudi koti" nililazimika kuanza tena.

Baba alivaa miwani. Akalichukua koti akaenda nalo dirishani kwenye mwanga, kama alivyokuwa akifanya na koti la mteja yeyote. Akapima mabega kwa shubiri. Akageuza mkono mmoja akatazama ndani. Kisha akaja kwenye kola, akapitisha kidole pale palipochanwa, taratibu, mara moja tu.

"Hili nililikata mimi," alisema. "Mabega ni yangu. Namkumbuka. Alikuwa na bega moja chini, la kushoto, nikamwekea pamba lisionekane."

"Ulimsaliti?"

Hilo ndilo swali nililomuuliza baba yangu nikiwa nimesimama sebuleni kwake. Sikutafuta namna nyingine ya kuliuliza.

"Hapana."

"Basi nani, baba? Walijua kola. Walikuwa wawili tu waliojua."

"Kola sikuishona mimi."

"Baba, mshono huu naujua. Ndio ulionishonea sare zangu zote."

"Sare zako sikuwahi kushona hata moja," alisema. "Nilikuwa na kazi za watu."

Akavua miwani. Hakumtazama mama, alitazama zile kuta zote tatu ambako mama hakuwapo.

Mama alikuwa amelikunja gazeti, akalikunja tena, mpaka likawa dogo la kutosha kiganjani.

"Macho yake hayakuwa mazuri kwa kazi ndogo," alisema, kwa sauti ya mtu anayemweleza mgeni njia. "Tangu ujana. Kukata, anakata yeye. Mashine, yeye. Kola zote nilikuwa namalizia mimi, kwa mkono, wewe ukiwa umelala miguuni pangu. Ulikuwa na miaka miwili."

Nikapiga hesabu ya Mwalimu upya. Hawakuwa wawili. Walikuwa watatu.

"Ulijua kilichokuwa ndani?"

"Mtu anayeshona kitu anajua anashona nini."

"Mama watoto," alisema baba.

Sijawahi kumsikia baba akimwomba mtu kitu. Ndiyo mara ya kwanza, na maneno yenyewe yalikuwa hayo mawili.

"Miaka thelathini na tisa umeninyamazia nami nimekunyamazia," mama alimjibu. "Wewe ulidhani nakuogopa, mimi nilidhani unanihurumia. Inatosha."

Akalichukua koti mezani. Akalikunja vizuri, mikono ndani, kola juu, kama linaondoka dukani. Akaingia chumbani akatoka amevaa viatu na mtandio.

"Twende," akaniambia.

"Wapi?"

"Kwa mwenyewe."

"Atakuja ofisini kesho saa nne, mama. Tungoje kesho."

"Kesho utakuwa umeshaandika."

Nikachukua mkoba wangu. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba Mwalimu hakuniachia namba ya simu wala mtaa.

"Sijui anakaa wapi," nikasema.

"Kama hajahama, ni ile nyumba yenye ngazi za nje," alisema mama. "Mlango wa juu, wa kijani. Ngazi ya tatu ilikuwa imevunjika."

Baba alikuwa anataka kukaa. Akabaki nusu, ameshika mkono wa kiti.

"Wewe ulifika kwake?" alimuuliza mama. Alimuuliza polepole sana. "Lini?"

Mama alikuwa ameshashika kitasa cha mlango.

"Asubuhi ile," alisema. "Kabla hajavaa koti. Nilikwenda kumwambia asilivae, nikashuka ngazi bila kubisha."